Tiba ya sindano wakati wa ujauzito: hatua kwa hatua, kwa mama anayesumbuliwa na nyonga, mgongo au kichefuchefu

Ujauzito wangu wa pili ulipofika wiki ya 27, kujigeuza kitandani kukawa kazi ya kupangwa. Nilibana magoti, nikashika ukingo wa godoro, nikavuta pumzi, kisha nikageuka mzima mzima kama gogo. Hata hivyo kinena kiliuma kana kwamba mfupa unataka kuachana na mwenzake. Mkunga wa kliniki alinipima, akasema ni maumivu ya nyonga ya ujauzito, akanionyesha mazoezi. Nilipomrudia baada ya wiki mbili bila nafuu ya maana, akanitajia tiba ya sindano ya Kichina, ile inayoitwa pia akupancha. Nilishtuka. Sikuwahi kusikia mjamzito akichomwa sindano kwa hiari yake zaidi ya ile ya pepopunda.

Haya ninayoandika ni yale niliyotamani mtu aniambie siku ile, kwa mpangilio wa mambo yanavyopaswa kufuatana. Na ninalitanguliza lililo kubwa: sindano hizi ni msaidizi wa kliniki. Humfaa mama ambaye ameshapimwa na anajua kinachomuuma. Kwenda kwa tabibu wa sindano kwanza na kliniki baadaye ni kuhatarisha watu wawili.

Kwa asiyeijua, sindano yenyewe haina dawa wala tundu katikati. Ni uzi wa chuma cha pua, unene wake kwa kawaida kati ya milimita 0.16 na 0.30, unaoingizwa kwenye nukta maalumu za mwili na kuachwa humo dakika 15 hadi 30. Wachina wameitumia kwa zaidi ya miaka 2,000, na mwaka 2010 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Maelezo yao ya kale ni kwamba sindano hufungua njia za nguvu ya uhai mwilini, wanayoiita qi. Maelezo ya hospitali ni kwamba huamsha neva za ngozi na misuli, na mwili ukajibu kwa kutoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu.

Hatua ya 1: Anzia kliniki

Kabla ya kumpa mtu ngozi yako, hakikisha kero yako ni kero tu. Ujauzito una dalili kadhaa zinazofanana na uchovu wa kawaida huku zikificha hatari, na kila saa unayopoteza ukiwa umelala na sindano mgongoni inaweza kuwa saa uliyohitaji hospitalini. Ukiwa na mojawapo ya hizi, nenda hospitali leo hii:

- Kichwa kinauma sana baada ya wiki ya 20, macho yanaona ukungu au nyota nyota, kuna maumivu chini ya mbavu, au uso na mikono imevimba ghafla. Presha ipimwe mara moja. Ikifika 140/90 au kuzidi, hiyo ni kazi ya daktari, kwa sababu kifafa cha mimba huanza hivyo.
- Mgongo unauma na kuachia kwa vipindi kabla ya wiki ya 37. Huenda ni uchungu unaoanza mapema.
- Mguu mmoja umevimba, una joto na unauma nyuma, kwenye shavu la mguu. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa.
- Unatapika kiasi kwamba hata maji hayakai kwa siku nzima, mkojo umekuwa mweusi na mchache, na uzito unashuka. Hapo unahitaji dripu.
- Viganja na nyayo zinawasha sana, hasa usiku, bila upele wowote. Ini lipimwe.
- Mgongo unauma pamoja na homa, au mkojo unachoma.
- Damu au maji yanatoka ukeni, au mtoto amepunguza kucheza.

Hilo la kichwa ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Kichwa cha uchovu ni kitu ambacho kila mama amezoea kukivumilia, na kuna watu watakaokuambia kwa nia njema kabisa kwamba sindano mbili tatu zitakimaliza. Pima presha kwanza. Kipimo huchukua dakika mbili.

Ukishahakikishiwa kwamba si hatari, mwulize mkunga au daktari wako swali la pili: je, kuna sababu ya mimi kutochomwa sindano? Akikwambia kondo la nyuma limekaa chini, shingo ya kizazi imeshonwa, umewahi kujifungua njiti, mimba hii imeshatishia kutoka, au chembe zako za kugandisha damu ni chache, basi usiende bila ruhusa yake ya wazi. Vivyo hivyo kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, una kifafa, au una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Kila unachojibiwa kiandikwe kwenye kadi yako, maana tabibu atapaswa kukisoma.

Hatua ya 2: Jua sindano zinaweza nini, na zinashindwa nini

Hapa ndipo wengi hupotoshwa. Mtangazaji wa tiba hukupa orodha ndefu ya magonjwa, mpinzani hukwambia ni uongo mtupu. Ukweli hubadilika kutoka kero moja hadi nyingine.

Maumivu ya nyonga na mgongo ndiyo yenye ushahidi wa kutia moyo zaidi. Mwaka 2005 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya wajawazito 386 wenye maumivu ya nyonga, wakagawanywa makundi matatu: wa kwanza walipata huduma ya kawaida peke yake, wa pili wakaongezewa sindano, wa tatu wakaongezewa mazoezi maalumu ya kuimarisha misuli. Baada ya wiki sita, waliopata sindano au mazoezi walikuwa na maumivu machache kuliko wa huduma ya kawaida, na sindano zilifanya vizuri kuliko mazoezi.

Lakini watafiti hao hawakuishia hapo. Mwaka 2008 walilinganisha sindano halisi na sindano za bandia, zile zinazogusa ngozi bila kupenya, mama asijue amepata ipi. Maumivu yalipungua kwa makundi yote mawili bila tofauti ya maana. Tofauti ilionekana kwingine: waliochomwa kweli waliweza zaidi kufanya shughuli zao za kila siku, na wengi wao waliendelea na kazi. Nalisema hili bila kuficha kwa sababu mama anayeumwa anastahili kujua kwamba sehemu ya nafuu huenda inatokana na kulala kimya nusu saa, kuguswa kwa upole na kusikilizwa. Mimi nafuu hiyo niliipokea kwa mikono miwili, ila sikuacha mazoezi niliyopewa na mkunga, wala mkanda wa nyonga. Usiache yako.

Kichefuchefu ndicho cha pili. Kwa kawaida huanza karibu na wiki ya 6, hupamba moto karibu na ya 9, na kwa wengi huisha kati ya wiki ya 16 na 20. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kutoka Adelaide, Australia, wanawake 593 wenye mimba chini ya wiki 14 walitibiwa mara moja kwa wiki kwa wiki nne, au hawakutibiwa kabisa. Waliopata sindano za kijadi waliona kichefuchefu kimepungua tangu wiki ya kwanza. Waliochomwa kwenye nukta moja tu ya mkononi waliona hivyo kuanzia wiki ya pili. Hata wale wa sindano za uongo walipata nafuu, ila ilichelewa hadi wiki ya tatu. Kutapika kwenyewe hakukupungua kwa kundi lolote. Basi ukienda, nenda ukitarajia kile kichefuchefu cha kutwa kilegee, upate kula kidogo na kusimama. Utafiti huo ulifuatilia pia ujauzito hadi mwisho, na haukuona madhara zaidi kwa watoto wala kwa mama waliochomwa.

Zilizobaki nazipitia haraka. Huzuni nzito ya ujauzito: utafiti wa Marekani wa mwaka 2010, wenye wanawake 150, ulionyesha asilimia 63 ya waliopata sindano zilizolenga huzuni walipata nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 44 ya waliopata sindano zisizolenga hilo au kukandwa mwili. Inatia moyo, lakini mwenye mawazo ya kujidhuru aende kwa daktari moja kwa moja. Usingizi na kichwa cha kawaida: wapo wanaosaidika, ushahidi kwa wajawazito ni mdogo. Kiungulia: kula kidogo kidogo na kutolala mara baada ya kula kutakufaa zaidi. Ganzi ya viganja usiku: jaribu kwanza kulala na banzi laini la kifundo cha mkono. Miguu iliyovimba: sindano haitoi maji mwilini, na mimi nisingekubali kuchomwa kwenye ngozi iliyovimba kwa sababu kidonda chake hupona taratibu na huingiza vijidudu kwa urahisi.

Hatua ya 3: Mtafute tabibu, umhoji

Tabibu wa kwanza niliyemwendea alikuwa na ukuta uliojaa vyeti. Aliniambia nipande kitandani, akaanza kupanga sindano kwenye sinia. Hakuwa ameniuliza mimba ina wiki ngapi. Nilipomwambia nina kadi ya kliniki akasema haina haja. Nilivaa viatu vyangu nikaondoka, na mpaka leo sijutii nauli ile.

Wa pili alianza na kadi. Aliisoma ukurasa kwa ukurasa, akaniuliza kuhusu ujauzito wa kwanza, dawa ninazomeza, kama nimewahi kuona damu, mtoto anachezaje. Robo saa nzima hakugusa sindano. Huyo ndiye unayemtafuta.

Uliza haya, na usione haya kuuliza:

Umesajiliwa na mamlaka gani inayosimamia afya au tiba asili? Umesomea wapi, na umetibu wajawazito wangapi? Sindano zako ni za kutumika mara moja? Nukta zipi unaziepuka kwa mjamzito? Utawasiliana vipi na mkunga wangu likitokea jambo?

Swali la sindano ndilo usilolegeza hata kidogo. Kila sindano itoke kwenye pakiti iliyofungwa, ichanwe mbele ya macho yako, tarehe ya mwisho wa matumizi ikiwa haijapita, na ikitolewa itupwe kwenye kisanduku kigumu cha sindano zilizotumika. Sindano iliyorudiwa, hata ikichemshwa nyumbani, inaweza kukuachia homa ya ini au virusi vya UKIMWI, na wewe ni mama unayebeba mwingine. Akikwambia anazisafisha mwenyewe kwa spiriti, shukuru na uondoke. Na akikuahidi kwamba atamaliza tatizo kwa kikao kimoja, au akikushauri uache dawa ulizopewa kliniki, ondoka vilevile.

Jibu la swali la nukta litakupima kiwango chake pia. Kijadi kuna nukta ambazo hazichomwi wala kukandwa kwa nguvu kwa mjamzito kabla ya siku zake kutimia, kwa kuwa zinaaminika kuamsha uchungu. Zinazotajwa mara kwa mara ni ile ya nyama kati ya kidole gumba na cha shahada, ile iliyo vidole vinne juu ya kifundo cha ndani cha mguu, ile ya kilele cha bega, zile za chini ya tumbo na za mfupa wa kiuno, na ile ya pembeni mwa ukucha wa kidole kidogo cha mguu. Watafiti waliozichunguza hawakupata ushahidi kwamba huleta uchungu mapema, na baadhi ya matabibu wazoefu huzitumia kwa uangalifu. Binafsi naona hakuna sababu ya kuzikimbilia wakati nukta nyingine zipo. La muhimu ni kwamba tabibu azijue na akueleze msimamo wake. Asiyejua kabisa kwamba zipo, huyo hajasomea wajawazito.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Kula. Chakula chepesi saa moja au mbili kabla ya kikao, na maji. Wengi wanaozimia kwenye kitanda cha sindano walikwenda na tumbo tupu, na mjamzito huzimia kwa urahisi zaidi. Vaa nguo pana zinazopanda hadi juu ya goti na juu ya kiwiko. Nenda msalani kabla ya kulala. Nusu saa na mtoto aliyekalia kibofu ni ndefu kuliko unavyodhani. Chukua kadi ya kliniki, simu, na ikiwezekana mtu wa kukusindikiza mara ya kwanza, kwani baada ya kikao wengine huwa walegevu kama walioamka usingizini.

Hatua ya 5: Kitandani

Kuanzia katikati ya ujauzito usikubali kulazwa chali kwa muda mrefu. Tumbo likiwa zito hukandamiza mshipa mkubwa wa damu nyuma yake, presha ikashuka, ukaona kizunguzungu, na damu ya mtoto ikapungua. Lala ubavu, au kaa umeegemea.

Tabibu wangu alinawa mikono kwa sabuni mbele yangu. Alinilaza ubavu wa kushoto: mto kichwani, mwingine katikati ya magoti, na wa tatu mdogo akausukuma chini ya tumbo mpaka nikahisi uzito wote umepokelewa. Akapapasa pembeni mwa nyonga kwa kidole gumba hadi alipofika mahali nikasema "hapo hapo". Akapafuta kwa pamba yenye spiriti, akasubiri pakauke. Pakiti alipoichana, ndani kulikuwa na kijibomba cha plastiki chenye sindano iliyochomoza kichwa kidogo tu juu. Alikisimamisha kwenye ngozi na kugonga kile kichwa kwa ncha ya kidole mara moja. Nilihisi kama kuguswa na unywele mgumu, basi. Kisha akakiondoa kijibomba na kuizungusha sindano polepole kati ya vidole viwili, na hapo ndipo hisia yenyewe ikaja: uzito, kama mtu amekuegemea kwa kidole ndani ya nyama, ukashuka taratibu hadi pajani.

Uzito huo, au ganzi, au mchezo mdogo wa misuli, ndio wanaoutafuta. Wachina wanauita deqi. Maumivu makali kama ya kisu au ya umeme hayatafutwi. Ukiyahisi, sema papo hapo, sindano irudishwe nyuma au itolewe. Ukihisi jasho baridi, kichefuchefu au masikio yanavuma, sema pia. Zote zitatolewa, utapewa maji, na miguu itainuliwa. Tumbo likianza kukaza na kuachia, kikao kimekwisha, na ukazo usipokoma unakwenda hospitali.

Mara ya kwanza ni vyema sindano ziwe chache na zisichokonolewe sana, mwili uonekane unapokeaje. Mimi nilipewa nane. Wapo wanaounganisha sindano na kimashine cha umeme mdogo. Kwa tumbo na kiuno cha mjamzito mimi ningekataa isipokuwa daktari wa uzazi ameridhia.

Kikao kikiisha, hesabuni sindano pamoja. Zilizoingia nane zitoke nane. Linaonekana jambo dogo, lakini sindano ya unene wa unywele ikisahaulika nyuma ya paja utaijua ukikaa.

Hatua ya 6: Baada ya kikao, na kuhesabu kama inafaa

Inuka taratibu, kaa kitandani dakika chache kabla ya kusimama. Madoa madogo ya damu, alama ya kijani, au usingizi mzito siku hiyo ni vya kawaida. Mapitio ya tafiti kuhusu usalama wa sindano kwa wajawazito yaliyochapishwa mwaka 2014 yaliona madhara mengi yaliyoripotiwa yalikuwa madogo ya aina hiyo, nayo yakapita yenyewe. Mahali palipochomwa pakiwa pekundu, pa moto na penye usaha, au ukipata homa, hilo ni la kupeleka hospitali. Na kama ulichomwa sehemu za mgongo wa juu au kifuani kisha ukaanza kukosa pumzi au kifua kikakuchoma, nenda usiku huo huo, kwa sababu sindano iliyoingia ndani mno inaweza kutoboa utando wa pafu. Ni nadra sana, lakini likitokea halisubiri asubuhi.

Nunua kidaftari. Kila jioni andika maumivu kwa namba, sifuri hadi kumi, na jambo moja halisi lililo gumu kwako: mara ngapi uliamka kwa kujigeuza, ulitembea umbali gani, ulishika chakula mara ngapi. Kumbukumbu ya mwili wenye maumivu haiaminiki. Siku mbaya hufuta siku nne nzuri. Daftari langu lilionyesha kwamba siku mbili za kwanza baada ya kikao namba ilishuka kutoka saba hadi nne, kisha ikapanda polepole. Tabibu alipoliona, akasogeza vikao vikawa viwili kwa wiki, kama ilivyokuwa kwenye ule utafiti wa nyonga wa Sweden. Bila daftari ningesema tu "nasikia nafuu kidogo".

Kwa nyonga na mgongo, jipe vikao vinne hadi sita. Kwa kichefuchefu, wiki mbili hadi tatu zinatosha kujua. Namba zisiposhuka, acha, urudi kwa mkunga mtafute njia nyingine. Hakuna ubaya wowote kusema haikunifaa.

Hatua ya 7: Ya kufanya mwenyewe nyumbani

Sindano usijichome, wala usimruhusu jirani akuchome. Lakini kuna nukta moja unayoweza kuibonyeza kwa kidole, nayo ni ile ya kichefuchefu. Inaitwa Neiguan, na kwenye vitabu huandikwa P6 au PC6.

Geuza kiganja kikuangalie. Tazama mkunjo unaotenganisha kiganja na mkono. Weka vidole vitatu vya mkono mwingine, cha shahada, cha kati na cha pete, vikiwa vimebanana, cha pete kikigusa mkunjo huo. Juu kidogo ya kidole cha shahada, katikati ya mkono, tafuta kano mbili. Ukikunja ngumi na kuinamisha kiganja kidogo zitajitokeza kama kamba. Bondeni kati ya kamba hizo ndipo penyewe. Kuna wasio na kano ya pili, kwa hiyo usihangaike, fuata mstari wa katikati ya mkono. Bonyeza kwa kidole gumba hadi uhisi maumivu butu, si makali, zungusha dakika mbili tatu, kisha hamia mkono wa pili. Rudia mara kadhaa kwa siku, na hasa kabla ya kuinuka kitandani asubuhi, wakati kichefuchefu hakijapanda.

Zipo pia bangili za kitambaa cha kuvutika zenye kifundo cha plastiki kinachobana mahali hapo, na unaweza kuivaa kutwa. Taasisi ya NICE ya Uingereza, kwenye mwongozo wake wa huduma za ujauzito wa mwaka 2021, inakubali kubonyeza nukta kama nyongeza ya matibabu kwa kichefuchefu na kutapika kwa wastani hadi kukali. Nyongeza, yaani dawa na maji vinaendelea. Bangili isibane hadi vidole vife ganzi au mkono uvimbe, ivue usiku.

Nukta nilizotaja kwenye hatua ya 3, usizikande kwa nguvu nyumbani hadi siku zitimie na mkunga ajue. Mwenye kukukanda miguu mwambie apite mbali na kile kifundo cha ndani.

Mtoto aliyetanguliza matako

Hili si kero ya kawaida, ila wengi hulikuta kwa tabibu yuleyule, kwa hiyo nalieleza. Kwenye nukta ya kidole kidogo cha mguu, ile niliyosema huepukwa, Wachina huweka joto badala ya sindano. Kijiti kilichosokotwa kwa majani makavu jamii ya pakanga huwashwa na kusogezwa karibu na ukucha bila kugusa ngozi, hadi pawe na joto la kupendeza. Huitwa moksa. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo kutoka jimbo la Jiangxi, China, ya wanawake 260 wenye mimba ya kwanza ya wiki 33 na mtoto aliyetanguliza matako. Ilipofika wiki ya 35, watoto 98 kati ya 130 wa waliochomewa moksa walikuwa wameshageuka kichwa chini, dhidi ya 62 kati ya 130 wa wasiochomewa.

Kama mkunga na daktari wameridhia, muda wake ni karibu na wiki ya 33 hadi 35. Haimfai mwenye mapacha, mwenye kovu la upasuaji kwenye kizazi, mwenye kondo lililokaa chini, wala aliyetokwa na damu. Mwenye pumu akae mbali na moshi wake. Fungua dirisha, weka bakuli la mchanga la kuzimia kijiti, na mtu mwingine ndiye akushikie, maana wewe mwenyewe huwezi kuinama juu ya tumbo hadi kidoleni bila kujichoma. Hesabu mtoto anavyocheza kila siku. Ukisikia amezunguka mzunguko mkubwa, zima kijiti, usiendelee hata kama siku ulizopangiwa hazijaisha, nenda ukapigwe picha ya ultrasaundi. Akiwa ameshageuka, moksa haina kazi tena. Akiwa bado, muulize daktari kuhusu kumgeuza kwa mikono hospitalini, jambo ambalo kwa kawaida hufanywa karibu na wiki ya 36 au 37, na miadi hiyo iombe mapema, kabla hujajua kama moksa imefanya kazi.